Mstari Nilioufuta

Mimi ni mwoga, sikatai. Hata nikiwa mtoto nilikuwa naogopa giza la jikoni, radi, ng'ombe wa jirani na mwalimu wa hesabu. Lakini woga huo wote ulikuwa wa kupita. Ule ambao haujapita mpaka leo unatoka kwenye faili moja nililoliandika kwa vidole vyangu, mstari wa sita kutoka juu, kwa ajili ya zahanati moja ya kanisa huku milimani kwetu.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Lushoto mjini, juu kidogo ya soko. Nilikuwa nimemaliza chuo, na kazi yangu ilikuwa kuandika programu ndogondogo kwa yeyote aliyeniamini: shule moja, chama cha wakulima wa mboga, na mwisho ile zahanati. Mama aliwaambia watu kanisani kwamba natengeneza kompyuta. Nilimsahihisha mara mbili, nikachoka.

Aliyeniita zahanati alikuwa muuguzi mkuu, mama wa makamo aliyewachoma sindano nusu ya watoto wa upande ule, mimi nikiwa mmojawapo na nikimbebea kinyongo cha siri. Shida yake ilikuwa moja. Karatasi za dawa waliandika kwa mkono, na mwandiko wa watu wa dawa tunaujua. Bibi anafika nyumbani, anavaa miwani, anageuza karatasi juu chini, mwisho anampa mgonjwa kwa kukisia. Basi nikamwandikia programu. Unaingiza kilo za mgonjwa, unachagua dawa, na mashine ndogo ya kuchapa inatoa karatasi inayosema vidonge vingapi na mara ngapi kwa siku. Herufi nilizifanya kubwa makusudi, ili hata mzee wa miaka themanini asome bila kuazima macho ya mtu. Nilijivunia sana herufi zile.

Programu ilifanya kazi vizuri miezi kadhaa. Aliyekuwa hana raha ni mimi. Mafaili yote yalikaa sehemu moja, kama viatu mlangoni siku ya msiba, na kila nikilitafuta moja nilipekua yote. Lugha niliyotumia inakuruhusu kuyapanga mafaili katika mafungu, kila fungu na jina lake. Sisi tunayaita pakeji. Faili la pakeji moja likitaka kitu cha pakeji nyingine, unaandika juu kabisa mstari unaoanza na neno import, kama kusema: niletee fulani, wa nyumba fulani. Nikaamua kupanga. Ya watoto yakae kwa watoto, ya wakubwa kwa wakubwa, ya kuchapa karatasi yakae peke yake.

Hapo ndipo ukoo wangu ulipoingia. Kwetu Ushambaani mtoto hupewa jina la babu au bibi yake. Bibi mzaa baba alizaa wana watano, na kila mmoja alipopata binti alimpa jina la mama yake. Kwa hiyo uani petu tulikuwa wasichana wanne wenye jina moja, na hakuna aliyeona tabu. Mimi nilikuwa wa nyumba ya juu, mwingine wa nyumba ya mtoni, mwingine wa kwa mkubwa, na wa nne, aliyezaliwa Muheza, tulimwita wa Muheza hata aliporudi akaishi na sisi miaka kumi. Ukiitwa bila kutajwa nyumba, mnaitika wote na mnatumwa wote.

Basi kitu kinachokokotoa kiasi cha dawa nilikiita Kipimo. Kwenye pakeji ya watoto kikawepo Kipimo, na kwenye pakeji ya wakubwa kikawepo Kipimo. Mtu mwingine angesita. Mimi sikusita hata kidogo, maana nilikuwa nimekulia hivyo.

Ilikuwa Jumatatu mchana. Faili la kuchapa karatasi lilikuwa linahitaji vyote viwili: kama kilo ni chache liulize Kipimo cha watoto, la sivyo liulize cha wakubwa. Juu nikaandika mistari miwili ya import, mmoja kwa kila nyumba. Kompyuta ikakataa, ikanipigia mstari mwekundu. Ilikuwa na haki: majina mawili sawa ndani ya faili moja, nikisema Kipimo itajuaje namtaka yupi? Dawa yake naijua. Unafuta mstari mmoja, halafu huko chini, kila mahali unapomtaka aliyefutwa, unamwandika jina lake lote, na nyumba yake.

Nikafuta mstari wa watoto. Wekundu ukaondoka. Wakati huohuo nikasikia hodi.

Alikuwa shangazi yangu, kateremka kutoka kijijini na kapu la mapeasi. Shangazi hapokelewi ukiwa umekaa. Nikasimama, nikatoa shikamoo, nikapokea kapu kwa mikono miwili. Nikaulizwa hali ya afya, ya kazi, na ya ndoa ambayo sikuwa nayo. Nikaeleza, nikachemsha chai, nikasikiliza habari za kila nyumba kwa mpangilio wake. Alipoondoka ilikuwa imepita saa nzima na zaidi. Nikarudi kwenye kiti, nikatazama kioo. Hakuna wekundu popote. Nikaiendesha programu, nikaingiza kilo zangu mwenyewe, sitini na mbili, nikachagua dawa ya homa. Vidonge viwili kutwa mara tatu. Sawa kabisa. Nikaipeleka zahanati jioni ileile kabla hawajafunga, nikaiweka, nikarudi nyumbani nikijiona mtu aliyefagia uwanja.

Simlaumu shangazi. Kosa ni langu, tena ni la kijinga: niliamini kwamba kupanga si kubadilisha. Nilikuwa nimehamisha vitu tu, sikugusa hesabu hata moja, kwa hiyo sikupima upya kwa kilo za mtoto.

Jumatano, kama saa tano asubuhi, nililifungua faili lile ili kuongeza dawa nyingine. Nikaona mstari mmoja wa import, wa wakubwa. Nikashuka chini kutafuta pale nilipomwandika wa watoto kwa jina lake lote. Hapakuwepo. Kulikuwa na Kipimo mara mbili, majina matupu, na yote mawili sasa yalikuwa yakienda nyumba moja. Mtoto yeyote aliyepimwa tangu Jumanne asubuhi alikuwa amepewa dawa ya mtu mzima.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kusema. Nikajikuta natamka kwa sauti, "Sivyo, sivyo, sivyo," kama kuna mtu ninayebishana naye. Nikaingiza kilo kumi na mbili. Programu ikajibu kwa herufi zangu kubwa: VIDONGE VIWILI, KUTWA MARA TATU. Ilitakiwa kusema nusu.

Nikampigia muuguzi mkuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mama hajambo? Nimerudi jana jioni kutoka Bungu, tulikuwa na msiba."

"Poleni, mama."

"Tumeshapoa. Mvua huko, usiseme. Barabara yote tope."

Nilisikiliza habari za tope la Bungu huku machozi yananitoka, kwa sababu sikujua namna ya kumkata mtu mzima aliyenichoma sindano. Kisha nikamkata. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Nikasikia akifunua daftari.

"Jana sikuwepo," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Alikuwepo mwenzangu wa kuazima, yeye anafuata karatasi. Watoto ni wawili, leo hajaja yeyote. Mmoja kapewa dawa ya maji, hiyo tunapima wenyewe kwa kijiko, karatasi haihusiki. Mwingine kapewa vidonge vya homa."

"Kilo ngapi?"

"Kumi na mbili."

Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza ndugu wa mgonjwa. Dawa ile kila mtu anaiona ya kawaida, lakini ikizidi inaharibu ini, na mtoto anaweza kuonekana mzima siku nzima huku ndani anaharibika. Alipewa jana saa nne asubuhi. Kama wamefuata karatasi, kaanza jana saa nane mchana walipofika nyumbani, kameza mara tatu mpaka sasa, na ya nne ni leo saa nane mchana.

"Namba ya simu?"

"Hakuna. Kaletwa na bibi yake. Huko kwao mtandao mpaka upande mwambani. Mimi hapa nina mzazi, uchungu umemshika, siwezi kumwacha. Nenda wewe. Ukimpata mteremshe hospitali moja kwa moja, usipitie kwangu. Na ile karatasi uibebe, waione."

Akanitajia jina la mtoto na jina la kijiji. Nilikuwa nje kabla hajakata simu, na mlango wa chumba changu, nilikuja kuambiwa baadaye, niliuacha wazi.

Dereva wa bodaboda niliyempata alikuwa mtu mzima mtaratibu, mwenye koti la mvua na imani kubwa katika breki. Nilimwambia kuna mtoto anaweza kufa. Hakuuliza zaidi. Tulipanda kupitia msituni, ukungu umeshuka mpaka barabarani, gurudumu la nyuma likicheza kwenye utelezi, na mimi, niliyezoea kuogopa bodaboda hata kwenye lami, sikuiogopa hata kidogo. Nilichoogopa ni saa. Nilikuwa nimeikamata simu mkononi nikiiangalia: saa saba na dakika ishirini, saa saba na nusu. Kichwani nilikuwa nazidisha. Viwili mara tatu, sita. Nusu mara tatu, kimoja na nusu. Nilirudia hesabu hiyo njia nzima kana kwamba itabadilika.

Kijijini barabara inaishia kwenye duka. Mwanamke mmoja alikuwa akimenya viazi nje. Nikatoa shikamoo, nikataja jina la mtoto.

"Yuko hapo," akasema, akanyoosha kisu kwenye nyumba ya bati upande wa pili.

Nikakimbia. Mtoto alikuwa mlangoni, mnene, mashavu mekundu kwa baridi, anatafuna hindi la kuchoma. Nikakaa chini kwenye tope, nikamshika mikono, nikawa nacheka na kulia. Mama yake akatoka ndani akanitazama kwa mashaka. Nikamuuliza huyo mama mtoto amemeza dawa saa ngapi.

"Dawa gani?" akasema. "Huyu haumwi. Hajafika zahanati tangu mwaka jana."

Nikataja jina tena.

"Ndiyo, ndiye huyu. Ni jina la babu yake. Sasa wewe unamtaka yupi? Yupo huyu, yupo wa bondeni, yupo wa kwenye mikaratusi. Watatu."

Mtu niliyelelewa uani na wasichana wanne wa jina moja, nilikuwa nimesimama kwenye kijiji cha Kishambaa nikitaja jina bila nyumba. Nilikuwa nimerudia kosa lilelile ndani ya siku tatu, na safari hii hapakuwa na mstari mwekundu wa kunionya. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

"Anayeumwa," nikasema. "Ambaye jana bibi yake kamteremsha zahanati."

"Ah. Huyo wa bondeni. Mama yake yuko Muheza, anauza matunda."

Bondeni kulikuwa na kijia kati ya migomba na maharage, mteremko mkali. Nilianguka mara mbili. Nilimkuta bibi jikoni, amekaa kwenye kigoda, miwani usoni, kikombe cha uji mkononi. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, amefunikwa kanga. Karibu na jiwe la moto kulikuwa na kijiko chenye unga mweupe. Vidonge viwili, vimesagwa.

Sikutoa shikamoo. Ni mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu kuingia kwa mtu mzima bila kumwamkia. Nilisema, "Bibi, usimpe hiyo," na nikamnyang'anya kikombe.

Hakukasirika. Alinitazama tu, kisha akasema kwa utulivu, "Onga mshi, mwanangu," akaniamkia yeye, kama anayemkumbusha mtoto adabu. Nikaitikia. Nikaanza kueleza, Kiswahili na Kishambaa vikichanganyika mdomoni, kwamba karatasi imekosea, kwamba ilitakiwa nusu, kwamba karatasi ile niliitengeneza mimi. Akaichukua kutoka kwenye Biblia alimoihifadhi, akainyoosha pajani.

"Imeandikwa viwili," alisema. "Mimi mwenyewe niliona vingi. Nikajiuliza, mtoto huyu mdogo, vidonge viwili?"

"Mbona hukumuuliza nesi, bibi?"

"Karatasi ya mkono ningeuliza," akasema. "Mtu anaweza kuchoka, akakosea. Hii imetoka kwenye mashine. Niliona aibu. Wangesema mshamba huyu, anabishana na kompyuta."

Alimpa mara ya kwanza, mtoto akatapika vyote. Mara ya pili alivisaga kwenye uji, akanywa nusu. Asubuhi ile alikunywa vyote, kwa sababu bibi alimshikilia pua. Alinieleza hayo bila kuficha, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi aliyoifanya kwa bidii.

Tulipanda kijia na mtoto mgongoni kwake, hakukubali nimbebe mimi. Kwenye pikipiki tulibanana, dereva, bibi, mtoto katikati, na mimi nyuma nikiwa nimeshikilia kila nilichoweza kushika. Mtoto alikuwa anasinzia. Kila alipofumba macho nilimwita, na kwa kuwa sikuwa na cha kumwambia nilimhesabia moja mpaka kumi.

Hospitali walimtoa damu, wakamwekea dripu yenye dawa ya kulinda ini. Daktari aliisoma karatasi, akaniuliza nani kaiandika. Nilisema ni mimi. Aliitazama tena, akasema, "Inasomeka vizuri sana." Hakukusudia kunichoma, lakini mpaka leo sentensi hiyo inanichoma.

Siku tatu nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Programu niliishughulikia siku ileile jioni, kwa simu. Nilimwomba muuguzi mkuu aizime, akaniambia alishachomoa waya tangu tulipoongea asubuhi. Nilimwogopa daktari akitoka, nilimwogopa asipotoka. Mama aliniletea chakula sikukila. Bibi ndiye aliyekuwa akinipoza. Aliniambia ninyamaze, watu hukosea, na yeye ndiye mwenye hatia, kwa vile mtoto alitapika na yeye akamlazimisha. Nilimwambia hapana, karatasi ndiyo iliyokosea. Alitikisa kichwa. Nilirudia mara nyingi, na niliona haamini. Alikuwa tayari kuamini kwamba alisoma vibaya, kwamba miwani yake imezeeka, kuliko kuamini kwamba mashine ilimdanganya. Hilo lilinitisha kuliko damu ya mtoto kwenye kichupa.

Siku ya nne asubuhi walisema ini liko salama. Mtoto aliomba chapati. Nililia mbele ya watu mpaka muuguzi wa wodi akaniambia nitoke.

Wakati wa kuruhusiwa, dirisha la dawa walimpa bibi mfuko mdogo wa dawa nyingine na karatasi. Nayo ilikuwa imechapwa. Akanipa mimi. "Nisomee wewe, unayejua mambo haya."

Nikasoma. Nusu kidonge, kutwa mara mbili, siku tatu. Nikasoma tena. Nilijua maneno yote na sikuweza kumwambia kwamba ni sawa. Mimi ni nani wa kusema ni sawa? Nilisimama pale na karatasi mkononi, watu wa nyuma yetu kwenye foleni wakianza kuguna.

"Bibi," nikasema, "sijui. Tuulize."

Alinitazama muda, akitafuta kama namtania. Kisha akavaa miwani, akanichukulia ile karatasi, akarudi dirishani akiwapita watu, kanga imemshuka begani na hakujali. Mtoa dawa alimwambia, "Mama, si imeandikwa hapo?"

"Nimeona ilivyoandikwa," bibi akasema. "Nakuuliza wewe. Mpime mtoto tena."